Pilau Ambayo Sikuila

Mama yangu alitembea na koleo shingoni karibu msimu mzima wa mvua. Lilikuwa koleo la kukatia waya, vishikio vyake vyekundu, amelifunga kwa kipande cha kanga kuukuu na kulivaa kama wengine wanavyovaa funguo za duka. Alikwenda nalo sokoni Buzebazeba kuuza mawese, alikwenda nalo kliniki, alilala nalo. Daktari wa kinywa ndiye aliyemkabidhi siku niliyoruhusiwa kutoka wodini. Alimwambia, meno ya huyu mtoto ya juu na ya chini nimeyafunga pamoja kwa waya. Akitapika, matapishi hayana pa kutokea. Usinitafute kwanza. Kata hapa, hapa na hapa. Mama akarudia, hapa, hapa na hapa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehifadhi aya.

Hakuwahi kulitumia, namshukuru Mungu. Ila kila nilipokohoa tu, niliona mkono wake unaruka kifuani.

Ninaandika kwa ajili ya mtu nisiyemjua, ambaye labda sasa hivi amekaa kwenye benchi la hospitali, ameumizwa na gari, na watu wamemzunguka kila mmoja anajua zaidi ya mwenzake afanye nini. Sisi pia tulizungukwa. Sheria siijui, nipo kidato cha nne tu, na mimi si mtu wa kuongea. Nitakueleza tulivyompata wakili, na mdomo wangu ulivyokuwa wakati huo, maana kwangu mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Nilikuwa natoka shule. Nilipanda bajaji Mwanga kurudi nyumbani Ujiji, na kwenye mteremko wa Rusimbi lori lililobeba saruji likatugonga kwa nyuma, upande niliokaa. Dereva wa bajaji alitoka na michubuko. Mimi uso wangu ulikutana na bomba la chuma. Nakumbuka vumbi jeupe la saruji limejaa hewani na mvua imeanza kunyesha juu yake, na mwanamke mmoja ananivua mkoba wa shule taratibu, ananiambia usimeze, tema, mwanangu, tema. Nilitema meno manne.

Hospitalini, daktari aliiweka picha ya taya langu kwenye mwanga. Nilikuwa na maumivu ambayo sijui niyaandike vipi, lakini nilipoiona ile picha niliyasahau kidogo. Sikujua kwamba ndani yangu kuna kitu kizuri hivyo. Limepinda vizuri kama mpini wa kikapu, jeupe, na limekatika pawili. Nikawaza, kumbe hiki ndicho kimekuwa kikitafuna ugali miaka yote hii na sijawahi kukisemesha.

Akanifunga waya. Nikawa bubu.

Sasa niseme ukweli, maana nimeamua kusema ukweli. Wiki za mwanzo nilifurahi kimoyomoyo. Tangu utoto mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akiniuliza swali natazama dawati mpaka amuulize mwingine. Wageni wakija nyumbani naamkia kisha natokomea uani. Kwa hiyo nilipofungwa mdomo nilipata ruhusa. Hakuna aliyetegemea niseme. Baba alinisemea, mama alinisemea, hata jirani aliniwahi kusema ninavyojisikia, na mara nyingi alikosea na mimi sikujali.

Chakula nilikinywa kwa mrija. Mama alinipikia uji wa ulezi mwepesi, maziwa, na supu ya samaki aina ya migebuka aliyoichuja kwa kitambaa mara mbili usibaki hata mwiba mmoja, halafu akadondoshea tone la mawese ili, alivyosema, nisisahau kwetu ni wapi. Na mrija ulipitia wapi? Ulipitia kwenye pengo la yale meno manne. Lile pengo nililolilia mbele ya kioo ndilo lililokuwa mlango wangu wa chakula. Nisingeng'oka meno, sijui ningeishije. Jambo hilo nililiwaza sana. Bado nalichukulia kama muujiza.

Mwili ulipungua. Sketi ya shule ilinizunguka kiunoni. Mate yalinitoka bila kujua, kidevu kikiwa na ganzi, na kinywa changu kilinuka hata mimi mwenyewe nikajichukia. Rafiki zangu wawili walikuja kuniona, mmoja akacheka kwa woga, wakaondoka mapema. Siwalaumu.

Kila wiki tulirudi kliniki. Benchi la kliniki ni shule nyingine. Hapo alikuwepo bwana mmoja mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, akihama mgonjwa kwa mgonjwa na karatasi tayari kwapani. Alijiita wakili. Mlinzi alimwita kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili na hana leseni. Alimwinamia mama akamfundisha: semeni dereva alikuwa amelewa, semeni mliona chupa. Mama akamwambia mtoto hakuona chupa. Yule bwana akasema, "Ataiona, mama. Mpe muda." Mama alishika koleo lake, sijui alitaka kumfanya nini, na bwana akahamia benchi la pili.

Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja mkubwa wa kwetu, nitamwita Hajji. Ana malori, ana duka, na ana boti za dagaa. Baba yangu ni fundi wa injini za boti, na injini nyingi zinazopita mkononi mwake ni za huyo Hajji. Hili ulijue, maana bila kulijua utamdhania baba vibaya.

Mwezi ulipokuwa mpevu, wakati ambao boti za dagaa hupumzika kwa sababu samaki hawafuati taa penye mbalamwezi, Hajji alikuja nyumbani kutoa pole. Hakuja peke yake. Alikuja na wazee wa mtaa, na Mzee Shabani, ambaye ni rafiki wa baba tangu utoto, na yule dereva wa lori, kijana anaitwa Issa. Asubuhi yake walikwisha kuleta mchele, mbuzi na viungo, na wanawake wa jirani wakapika pilau uani kwetu. Ndivyo tunavyofanya. Mtu akikukosea bila kukusudia, anakuja na wazee wake, inasomwa dua, mnakula sinia moja, na baada ya hapo hakuna tena wa kufukua.

Issa alipiga magoti mbele ya mama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mama akaweka kiganja juu ya kichwa chake akamwambia amemsamehe, aende akaendeshe kwa amani. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka chumbani, mlango wazi, nikaona yote. Mimi nilikuwa bado ninaamka nikiwa na hasira naye. Mama yangu, ambaye hulala na koleo, alimsamehe bila hata kusafisha koo. Nilimtazama kama namwona mara ya kwanza.

Kisha wakala. Harufu ya pilau ilijaa nyumba nzima, iliki na mdalasini, mpaka machozi yakanitoka. Mke wa Mzee Shabani, kwa mazoea tu, akajaza sahani akaniletea chumbani, akaniwekea na kijiko. Akasimama. Akakumbuka. Walioona wakacheka, halafu wakashika vinywa, naye akaichukua ile sahani akarudi nayo huku akijiambia jamani, jamani.

Walipomaliza kunawa, Mzee Shabani akasema jambo limekwisha, tumekula pamoja. Hajji atatoa kitu cha dawa na nauli, na Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala baba ataweka sahihi ofisi ya mtaa kwamba hatuna dai lingine. Baba akaitikia kwa kichwa. Hata mimi niliona ni sawa. Nani anataka ugomvi na mtu ambaye boti zake ndizo ugali wenu?

Siku chache kabla ya hiyo Ijumaa nilikatwa waya. Nilidhani mdomo utafunguka kama mlango. Daktari alikata, akachomoa kipande kwa kipande, kila kimoja kikilia kwenye sahani ya bati, kisha akasema fungua. Nikafungua. Akasema fungua. Nikamwambia kwa macho kwamba nimeshafungua. Akajaribu kupitisha ncha ya kidole chake kati ya meno yangu. Haikupita.

Akatueleza taratibu. Mbele mfupa umeunga vizuri. Lakini pale karibu na sikio, kwenye bawaba ya taya, mfupa unaanza kushikana mahali usipotakiwa. Kuna upasuaji wa kuuachanisha, unafanyika hospitali kubwa Mwanza. Ukichelewa, alisema, mdomo utabaki hivi. Mama akauliza hivi maana yake hivi? Daktari akasema ndiyo, mama. Hivi.

Nilimtazama daktari nikawaza maisha yangu yote nikinywa kwa mrija, na nikisema kwa meno yaliyobana kama mtu mwenye hasira asizokuwa nazo.

Alichoahidi Hajji kisingetufikisha hata mlango wa chumba cha upasuaji. Mama akasema tutafute wakili wa kweli, mwenye leseni na ofisi. Baba akasema haiwezekani. Si kwa ukali. Nilimsikia anavyoumia. Alisema tumekula chakula chao, Mama Zuhura. Dua imesomwa. Nitasimama vipi ufukweni nimtazame yule mzee usoni? Mama akamuuliza ataangalia uso gani, wa Hajji au wa mwanawe. Walizozana mpaka mama akaanza kupanga vyombo ambavyo vilikwisha kupangwa. Mimi nimekaa katikati na mrija wangu, kama kawaida, wananisemea.

Sijui kilitoka wapi. Nilisikia sauti nzito, ya kubanwa, nisiyoijua, kumbe ni yangu.

"Baba, mimi sikula."

Baba akageuka. Nadhani hakuelewa maneno, alishangaa tu kwamba yametoka. Nikafuta mate, nikasema tena, polepole, neno moja moja. "Ile pilau. Nyie mlikula. Mimi sikula."

Nilikuwa sijapanga hoja. Nilikuwa nasema kilichotokea tu. Lakini baba yangu ni mtu wa mila, na mila ndiyo lugha aliyoisikia. Mama alikuwa ameongea habari za sheria na gharama na hazikumwingia hata kidogo. Sasa alikaa chini. Alinitazama, akamtazama mama, akasema, "Ni kweli. Mwenye maumivu hakula." Akasema sahani ilikwenda mbele yake ikarudi, na wazee wote waliona.

Alivaa kofia yake akaenda mwenyewe kwa Mzee Shabani. Baadaye alitusimulia. Mzee Shabani alibisha kwanza, akasema mtoto hahesabiwi, anakula kwa mdomo wa baba yake. Baba akamwambia mdomo wa baba yake haukuvunjika. Mzee Shabani akaguna, "Yewe, kabinti kenyewe siku zote hakasemi," akacheka, akasema yeye hataenda tena ofisi ya mtaa Ijumaa, wasije wakamwita shahidi wa kitu asichokijua.

Baba aliporudi aliniambia jambo ambalo lilinitisha kuliko upasuaji. "Mdomo ni wako. Wakili utamchagua wewe."

Kwetu mawakili si wengi. Tulianza na mwanamama mmoja, mtu wa Mbeya, ambaye watu wengi walimsifu. Ofisi yake ilikuwa safi, ina pazia la kijani, na alinikaribisha mimi kabla ya wazazi. Nilimpenda hapohapo. Baba akafungua mdomo kuanza kusimulia, yule wakili akainua mkono. Akasema subiri, mzee, usinieleze kitu. Kwanza nitajieni mwenye gari. Baba akamtaja.

Wakili akafunga daftari lake ambalo lilikuwa halina hata herufi moja. Akasema, "Siwezi kuwatetea. Na siwezi kuwaambia sababu. Mkinieleza habari zenu sasa, nitakuwa nimewadhulumu."

Mama alichukia. Alidhani ni dharau, au amepewa kitu. Lakini yule wakili hakukasirika. Alitusindikiza mpaka ngazini, na hapo akaniambia mimi, si wazazi, kwamba kila wakili nitakayemwendea nimuulize kabla hajasikia lolote: je, kuna mtu wa upande wa pili ameshazungumza na wewe? Na akijibu, nisikilize anavyojibu zaidi ya anachojibu. Akatukumbusha tusitupe risiti hata moja ya dawa, tutunze karatasi ya polisi ya siku ya ajali, na tusisaini chochote kwa sababu ya haraka ya mtu mwingine.

Nililia njia nzima. Nilikuwa nimeshamchagua. Nilipotulia ndipo nilipoelewa kwamba lazima upande wa Hajji ulikwisha kuzungumza naye, nikaona ukubwa wa alichofanya. Kumbe yupo mtu anayeweza kuziba masikio yake kwa ajili ya wageni ambao hawatamlipa chochote. Ingekuwa ni yule wa koti kubwa, angetusikiliza mpaka mwisho, kisha akapeleka maneno yetu kwa Hajji.

Wa pili alikuwa ghorofani juu ya duka la simu, Mwanga. Huyo sikumpenda. Ni Mnyamwezi wa Tabora, mnene, anaongea kwa sauti kama yuko uwanjani, na alipojua sisi ni Waha akaanza utani kabla hatujakaa.

"Karibuni watani. Mmekuja kushitaki au mmekuja kuuza mawese?"

Mama, ambaye hajawahi kushindwa utani, akamwambia mawese tuliyaficha tuliposikia Mnyamwezi yupo karibu. Akacheka mpaka kiti kikalia. Kisha akaona koleo shingoni mwa mama, maana hata baada ya waya kukatwa hakuwa tayari kulivua, akauliza kama ndiyo silaha ya mashahidi. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kumwambia baba kwa macho kwamba tuondoke.

Lakini nilikuwa na swali la kuuliza. Nilijaribu kumsukumia mama kwa kiwiko. Hakuniangalia. Baba alitazama dirishani. Nikaelewa kwamba wameamua kunisubiri. Moyo ulinidunda mpaka taya likauma. Nikauliza, na mate yakanitoka katikati ya swali, nikaanza tena.

Yule bwana aliacha kucheka. Hakuruka kujibu. Akaweka kalamu chini. Alisema, "Ndiyo. Alikuja mtu wiki iliyopita. Nilimwambia kazi ya upande huo sichukui, akashuka ngazi. Hakunieleza kitu na sikumuuliza kitu." Akaongeza kwamba tukitaka kwenda kwa mwingine hatanuna.

Nikauliza la pili, kama aliwahi kushindwa kesi ya namna hii. Akasema aliwahi. Alichelewa kuifikisha mahakamani muda ukapita, na mtu aliyepoteza mguu akakosa haki yake. Alisema hilo bila kupunguza, mbele ya watu waliokuja kumpa kazi.

Baba akatoa dukuduku lake. Akaeleza habari ya pilau, ya dua, ya mama kumsamehe Issa. Je, si unafiki kusamehe halafu kudai? Wakili akatikisa kichwa. Akasema msamaha mmempa Issa, ni wake, na hakuna mahakama itakayomnyang'anya. Lakini lori lile lina bima, na bima ilikatwa kwa ajili ya siku kama ile. "Mzee, kampuni ya bima haikuja kwenu kula pilau. Na hata ingekuja, haina tumbo." Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. Wakili akatueleza kwamba kwa kuwa sijatimiza miaka kumi na nane, baba ndiye atakayesimama kwa niaba yangu, na malipo yake yeye tutaandikiana kabla hajagusa kitu.

Halafu akaniambia nisimulie. Baba akaanza, kwa mazoea. Wakili akamuuliza kwa heshima, "Mzee wangu, ulikuwa kwenye bajaji?" Baba akasema hapana. Wakili akasema basi tumsikilize aliyekuwemo.

Nilisimulia. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo maishani mwangu, na niliyasema kwa mdomo usiofunguka upana wa kidole. Chini barabarani muuza simu alikuwa amefungulia muziki. Yeye alisubiri. Nilipokwama alisubiri. Nilipofuta mate hakugeuka pembeni, na hakunikodolea pia.

Nikafika kwenye lori. Nikasema lilikuwa linakuja kwa kasi sana, kama limekatika breki.

Akainua kalamu. "Uliliona?"

Nikataka kusema ndiyo. Kila mtu nyumbani alisema hivyo, jirani alisema, baba alisema, nami nilikuwa nimelisikia mara nyingi mpaka picha yake ninayo kichwani. Na ndiyo hiyo ingetusaidia. Lakini lilitoka nyuma yangu. Nikasema sikuliona, nilisikia honi, kisha mlio wa chuma.

"Honi kwanza, au mlio kwanza?"

"Honi."

Akaandika. Akasema wengine walioona wapo na atawatafuta, yeye anataka kwangu kile kilicho changu tu, hata kikiwa kidogo. "Ulichoambiwa waachie wenyewe."

Hapo ndipo nilipomchagua. Sikuweza kueleza vizuri siku ile, baba aliponiuliza ngazini nilisema tu "huyu." Naeleza sasa. Tangu nigongwe, kila mtu alikuwa ameongezea kitu kwenye ajali yangu. Kishoka aliongeza chupa, jirani aliongeza kasi, wazee wakaongeza mwisho. Huyu mtu wa makelele ndiye wa kwanza kunivua vitu vyote hivyo na kunibakishia honi na mlio wa chuma. Vilikuwa vidogo, lakini vilikuwa vyangu, na alivipokea kama vinatosha.

Ijumaa ikaja, baba akasali, akarudi nyumbani bila kupita ofisi ya mtaa.

Sitakuficha, ilikuwa ngumu. Hajji alipeleka injini zake kwa fundi mwingine, na baba alikaa ufukweni mchana kutwa akinoa bisibisi zisizo na kazi. Kuna salamu msikitini hazikuitikiwa. Mama aliuza mawese ya watu wawili. Kulikuwa na siku wakili hakupokea simu, nikadhani nimechagua vibaya na nimewafilisi wazazi wangu. Alikuwa safarini tu, lakini usiku wa mawazo yangu haukujua hilo. Issa alipelekwa mahakamani na polisi kwa kosa la barabarani, akakiri, akapigwa faini, akarudi kazini. Nilimwona siku moja kwenye lori lilelile, akapunguza mwendo kabisa, akainua mkono. Nami nikainua.

Mvua zilikatika, vilima vya Ujiji vikaanza kuwa vya kahawia, ndipo kampuni ya bima ikakubali kulipa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Hajji alipoona kwamba hakuna aliyekuja kuchukua lori lake wala nyumba yake, alimtuma mtu na injini moja iliyokufa. Baba aliifungua yote na kuipanga upya kama anayepokea mgeni.

Tulikwenda Mwanza, mimi na mama. Walinipasua mbele ya sikio. Baada ya hapo walinipa vijiti vya mbao vyembamba, vile vya kukandamizia ulimi, nivipange na kuviingiza kati ya meno, kila baada ya siku kadhaa niongeze kimoja. Maumivu yake yananitoa jasho hata ninapoyaandika. Mama alivihesabu kwa sauti ya furaha kama anahesabu wajukuu, na mimi nilimchukia kila asubuhi na kumpenda kila jioni.

Kabla ya kuruhusiwa kurudi Kigoma, tuliitwa kwa uchunguzi wa mwisho. Tuliwahi, tukakaa kwenye benchi, foleni ndefu, joto la mchana, feni inazunguka kwa uvivu. Sikuwa nawaza kitu. Nikahisi kitu kinapanda kutoka kifuani, kinafika kooni, na kabla sijakumbuka kuogopa, mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukaendelea kufunguka, mpaka masikio yakaziba na machozi yakanijaa. Nilikuwa nimepiga mwayo.

Nilikaa nimeduwaa, mkono kwenye shavu. Mama alikuwa ameuona wote. Alinitazama kinywani kama mtu anayechungulia nyumba iliyofungwa miaka, akataka kusema kitu, badala yake akapiga mwayo na yeye. Mzee wa kando yake akafuata. Kisha mwanamke mwenye mtoto, kisha mtoto, ukahama hivyo benchi zima, watu wasiojuana wanafunguka vinywa mmoja baada ya mwingine mpaka mlangoni, ambako nesi alisimama na faili langu, akafungua mdomo aniite, ukatoka mwayo.